Mama Arudipo Kazini

 

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, kwa sababu hutendeka ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Jambo lenyewe ni hili: mama aliyekaa nyumbani muda mrefu akilea watoto wake, kisha akataka kurudi katika kazi ya mshahara, afanyeje ili nyumba yake isiharibike wala watoto wake wasipate madhara? Na yule atakayeachiwa watoto hao, yaani yaya, apatikane kwa njia gani, na watu wa nyumba wakae naye namna gani?

Sisemi haya kwa kuwa mimi ni hodari wa mambo ya nyumba. Nasema kwa kuwa nalikosa, na kosa langu likanifunza. Basi nitaanza na kosa, kisha nitakuja kwenye mafunzo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nalifundisha miaka 6, kisha nikaacha kazi nikakaa nyumbani kwetu Morogoro miaka 4, kwa ajili ya watoto. Walikuwa watatu, na yule mdogo alikuwa na umri wa miezi 10 tulipoanza kushauriana, mimi na mume wangu. Tuliona kwamba mshahara mmoja hautoshi tena. Kodi ya nyumba ilikuwa imepanda, mtoto wa kwanza ameanza shule, na mkopo wa dukani haukuisha mwezi hata mwezi. Tena, nisiwafiche, nalikuwa na hamu ya ubao na chaki. Mwanamke awapendaye watoto wake hakatazwi kuipenda na kazi yake. Basi nikaomba nafasi katika shule moja isiyo mbali na kwetu, nikapewa.

Zilibaki siku 12 kabla ya kuanza. Katika siku hizo nalinunua viatu, nikashonesha magauni mawili, nikasoma upya vitabu vya hesabu. Lakini juu ya yaya sikutumia hata nusu ya muda nilioutumia juu ya magauni. Nalipiga simu kwa jamaa mmoja aliyeko Singida, nikamwambia, "Nitafutie msichana." Siku ya 8 msichana akashuka katika basi na mfuko wake mmoja. Umri wake ulikuwa miaka 18. Nikamwonyesha jiko, ndoo na watoto, nikaona nimemaliza. Mshahara nalimtajia kwa maneno tu, nikaongeza, "Fedha zako nitakuwekea mimi, usije ukazipoteza. Siku utakapokwenda kwenu nitakupa zote pamoja." Akaitika, "Sawa, mama." Naye angesema nini zaidi, mgeni katika mji asioujua?

Alikaa nasi miezi 8. Asubuhi aliamka kabla yangu, na usiku alilala baada yangu. Siku ya Jumapili sisi tulipokwenda kutembelea jamaa, yeye alibaki akifua. Watoto walimpenda sana, na yule mdogo alijifunza kutembea mikononi mwake. Mimi nalikuwa nikiwaambia walimu wenzangu, "Nimebahatika, nimepata yaya asiyesema neno." Sikujua kwamba mtu asiyesema neno huenda anayo maneno mengi, ila hana wa kumwambia.

Jioni moja alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Mama, bibi yangu amefariki. Naomba ruhusa niende nikazike." Huyo bibi ndiye aliyemlea tangu utotoni. Nikamjibu, "Pole sana, mwanangu. Lakini sasa tumo katika mitihani. Ngoja shule zifungwe." Zilikuwa zimebaki siku 19. Kesho yake akaomba tena, nami nikajibu vile vile.

Sasa sikilizeni. Siku ya tatu yake ilikuwa siku ya mtoto wangu mdogo kupata chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18. Nikamwomba mwalimu mkuu ruhusa ya nusu siku, akanipa pale pale, wala hakuuliza neno la pili, ijapokuwa mitihani ilikuwa ile ile. Jioni nikamsifu mbele ya mume wangu, nikasema, "Mkuu wetu ni mtu mwenye huruma kweli." Yule msichana alikuwa akiosha vyombo karibu nasi, naye alisikia yote.

Jumatatu, nilipokwisha kwenda kazini, alimwogesha mtoto, akamlisha, akampeleka kwa jirani yetu, bibi mmoja mzee, akamkabidhi na ufunguo wa nyumba. Kisha akashika njia. Hakuchukua hata kijiko. Nilipofika jioni nalipiga kelele, nikasema nimekimbiwa. Yule bibi akanisikiliza mpaka nikanyamaza, ndipo akasema, "Mwanangu, binti huyu hakukukimbia. Ulimfukuza mwenyewe siku ile ulipomnyima mazishi, ila hukuitambua siku hiyo."

Usiku ule sikupata usingizi. Nalichukua karatasi nikaandika hesabu: mshahara wa miezi 8, wote umo mikononi mwangu, na sehemu yake kubwa nimekwisha kuitumia. Jina la tendo hilo mnalijua, wala halina haja ya kutajwa. Tena baadaye nikajulishwa kwamba sheria ya kazi ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 2004, humpa mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi zaidi ya miezi 6 ruhusa ya siku 4 zenye malipo afiwapo na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu yake. Maana yake, nilichomnyima hakikuwa hisani yangu. Kilikuwa haki yake.

Shule zilipofungwa, mume wangu na mimi tulikopa fedha, nami nikapanda basi mpaka Singida kumpelekea mshahara wake wote. Nalimwomba radhi mbele ya jamaa zake. Alinipokea kwa adabu, akanipa kiti na maji, lakini hakukubali kurudi. Shangazi yake akahesabu zile fedha, akasema, "Fedha tumezipokea, mwalimu. Lakini mazishi hayarudiwi." Neno hilo nimelichukua mpaka leo, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Basi, wasikilizaji wangu, mafunzo niliyoyapata yote yatoka katika shina moja. Mama arudiye kazini huwa na hali mbili kwa siku moja. Asubuhi akiwa mbele ya mkuu wake yeye ni mfanyakazi, na jioni akiwa nyumbani kwake yeye ni mwajiri. Yale ayatakayo kule, hana budi kuyatoa huku, kwa kipimo kile kile. Ataka mshahara wake mwisho wa mwezi? Na alipe mwisho wa mwezi. Ataka siku ya kupumzika? Na aitoe. Ataka aulizwe kwa upole akikosa? Na aulize kwa upole. Nyumba ikisimama juu ya kipimo hicho, mengine yote ni kupanga tu. Sasa nitawaeleza jinsi tulivyopanga mara ya pili.

Kwanza, fanyeni hesabu kabla ya kazi, si baada yake. Tuseme mshahara wa mama tuugawe mafungu 10. Mafungu 3 ni ya yaya; fungu 1 ni nauli ya mama ya kwenda na kurudi; fungu 1 ni chakula cha mchana na mavazi ya kazini. Yamebaki mafungu 5. Hayo ndiyo mapato ya kweli, wala si 10. Nyumba nyingine zikipiga hesabu hii zitaona faida. Nyingine zitaona kwamba yafaa kungoja mwaka mmoja zaidi, au kutafuta kazi ya nusu siku. Hapana aibu katika jibu lolote. Aibu ni kutaka kuongeza faida kwa kumpunja yaya. Serikali hutoa amri ya kima cha chini cha mishahara, na watumishi wa nyumbani wamo ndani yake. Basi nendeni mkaulize katika ofisi ya kazi iliyo karibu nanyi kabla ya kutaja kiasi.

Pili, angalieni ni nani mnayemleta. Sheria ile ile ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Na mwenye miaka 14 aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Wako watu wanaowaendea wazazi vijijini na kuwaambia, "Nipeni binti yenu nikamsomeshe mjini." Binti akifika, shule yake huwa ni jiko. Wazazi, mkiambiwa hivyo, ulizeni jina la shule, na mwalimu mkuu ni nani, na atakwenda darasa gani, na siku gani. Nanyi wanafunzi, kama yuko mwenzenu aliyetoweka darasani kwa njia hiyo, mwambieni mwalimu wenu bila kuchelewa.

Sisi mara ya pili hatukutafuta mbali. Tulimpata mama mmoja wa mtaa wa pili, aliyekwisha kulea watoto wake hata wakaanza shule. Alikuja asubuhi, akarudi kwake jioni. Kabla ya kumchukua nalikwenda nyumbani kwake, nikawaona watoto wake, nikawauliza jirani zake. Naye alikuja kwetu akaona nyumba, akatuuliza maswali yake. Swali moja sikulitazamia. Alisema, "Na mimi nikiugua, mwalimu, itakuwaje?" Hatukuwa na jibu. Hapo ndipo tulipopatana na yule bibi jirani kwamba siku ya dharura atakaa na watoto, nasi tutamlipa siku hiyo. Kila mama aendaye kazini na awe na mtu wa pili wa namna hii, tena apatane naye mapema, kwa maana ugonjwa hauji na barua.

Tatu, mapatano yaandikwe. Wengine husema, "Yaya ni kama ndugu, tutaandikianaje?" Lakini yule msichana wa kwanza nalimwita mwanangu, na neno hilo halikumsaidia kitu. Tuliandika karatasi mbili, yake na yetu: kazi zake ni zipi na zipi si zake, aanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi, mshahara kiasi gani na hulipwa tarehe gani, siku yake ya kupumzika, likizo yake, na kwamba yeyote atakaye kuyavunja mapatano ampe mwenzake taarifa. Sheria yasema kazi isizidi siku 6 kwa wiki wala saa 45, na kwa siku saa 9. Akizidisha kwa mapatano, alipwe mara moja na nusu. Kila wiki apumzike saa 24 mfululizo, na kila mwaka apate likizo ya siku 28 yenye malipo. Alipwaye kwa mwezi hupewa taarifa ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Wala haya si mawazo ya nchi yetu peke yake. Mwezi wa Juni mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilikutana Geneva, likapitisha Mkataba wa 189 juu ya watumishi wa nyumbani, nao wasema kwamba mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine.

Nne, usimwachie mtu nyumba yako kwa siku moja. Mama huyu alianza kuja wiki mbili kabla sijapata ruhusa ya kurudi shuleni baada ya uzazi wangu wa mwisho, maana Mungu alitujalia mtoto wa nne. Wiki ya kwanza mimi nalifanya kazi naye akatazama. Wiki ya pili yeye akafanya nami nikatazama. Siku mbili za mwisho nalitoka nikakaa sokoni saa nzima, kisha saa tatu nzima, ili watoto wazoee kuniona nikienda na kurudi. Nalimwonyesha mambo ya hatari: mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, maana mtoto atayanywa, ndoo ya maji isiachwe wazi, jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Tuliandika ukutani namba za simu zetu na ya jirani, na njia ya kwenda zahanati.

Tano, maziwa. Tazameni hesabu hii. Sheria humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Lakini mtoto ahitaji maziwa ya mama peke yake, pasipo hata maji, mpaka atimize miezi 6; kisha huendelea kunyonya pamoja na kula vyakula vingine mpaka miaka 2 na zaidi. Basi likizo huisha zaidi ya miezi 3 kabla ya wakati huo. Mama afanyeje? Kwanza ajue kwamba sheria yamruhusu kunyonyesha katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Akikaa karibu na kazi, mtoto aweza kuletwa. Pili, aweza kukamua maziwa yake asubuhi. Na anawe mikono kwa sabuni, akamue katika chombo kilichochemshwa, akifunike, akiweke mahali pa baridi. Penye joto lisilozidi digrii 25 maziwa hayo hukaa saa 4. Penye joto zaidi, kama vile pwani, yatumiwe mapema kuliko hapo. Katika friji hukaa siku 4. Yaya asiyachemshe, bali akitie chombo katika maji ya vuguvugu, ampe mtoto kwa kikombe. Kikombe ni bora kuliko chupa, kwa kuwa husafishika kwa urahisi. Yatakayobaki kikombeni yamwagwe.

Sita, daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila tarehe ya malipo tuliandika kiasi, akatia sahihi, nasi tukatia yetu. Akikopa, huandikwa. Fedha ya matumizi ya siku ilikaa katika kopo moja pamoja na kijitabu. Kwa hiyo haikutokea hata siku moja kushukiana juu ya shilingi. Kama yaya ataka kuweka akiba, na aiweke kwa jina lake mwenyewe. Asiwekewe na mwajiri, maana najua mimi mwisho wake.

Saba, nasema na akina baba. Mabwana, mke wako akirudi kazini, nyumba haikupata wanaume wawili na yaya mmoja. Mzigo wa nyumba ungali pale pale, basi na ugawanywe. Mume wangu alichukua kazi ya kuwaogesha watoto jioni na kuwapeleka shule asubuhi. Siku za kwanza majirani walimcheka. Mwaka wa pili mmoja wao alikuja kumwuliza apangaje saa zake. Na watoto wakubwa nao wafundishwe kufua soksi zao na kuosha sahani zao, wavulana na wasichana sawasawa, wasije wakakua wakidhani kwamba yaya aliumbwa kwa ajili yao. Tena wamwamkie. Katika nyumba yetu, mtoto asiyempa yaya shikamoo ya asubuhi hakupewa chai mpaka aseme.

Mama yule alikaa nasi miaka 6. Katika muda huo alifiwa na baba yake. Alinipigia simu usiku, akaanza kuniomba ruhusa kwa sauti ya kusitasita. Nalimkatiza, nikamwambia, "Nenda, dada. Nauli yako mume wangu ataileta sasa hivi." Kesho yake yule bibi jirani alikuja kukaa na watoto kama tulivyopatana, nami nikaenda shuleni kwa wakati. Kazi haikusimama wala mtoto hakulia. Njiani nalimkumbuka yule msichana wa Singida, nikaona jinsi jambo lile lilivyokuwa jepesi, nami nalilifanya zito.

Wasikilizaji wangu, huenda yuko mmoja wenu ambaye saa hii ananisikiliza huku yaya wake yumo jikoni. Basi ninapomaliza, nakuomba usimsimulie habari zangu. Mwulize tu maneno matatu: fedha zake umemlipa mpaka mwezi gani? Alipumzika lini? Na kwao hawajambo? Kisha nyamaza, umsikilize.

Kwa herini, nanyi mbaki salama.